Moja Ni Sawa na Mbili

Haya, kwa kuwa jamaa yangu wa Fizikia keshaimwaga kwenye grupu habari ya kipindi changu cha Hisabati, tena kwa chumvi ya kilo, acheni nisimulie mwenyewe. Kwanza, sikulia. Ilikuwa vumbi la chaki.

Jana, tuisheni, Kidato cha Sita. Nikaanza kwa mbwembwe: nikachora nane iliyolala, ∞, alama ya infiniti, yaani kisicho na mwisho, nikawaambia alama hii aliileta Mwingereza John Wallis mwaka 1655. Darasa kimya, wananitazama kana kwamba nimeileta mimi. Utamu ukanikolea. Nikaandika ubao mzima: 1 ÷ ∞ = 0. Nikapigia mstari. Nikapigia na wa pili. (Huo wa pili ndio unaoniuma.)

Binti wa dawati la nyuma, yule asiyesemaga kitu, akasimama. "Shikamoo, mwalimu."

Ndugu zangu, mwanafunzi akikuamkia katikati ya kipindi, jua umekwisha.

"Kwa hiyo sifuri mara infiniti ni moja?"

"Naam."

"Na mbili gawanya kwa infiniti?"

"Sifuri vilevile."

"Basi sifuri mara infiniti ni mbili."

Nikageukia ubao kama mtu aliyesahau kitu huko. Feni inalia kwi, kwi, kwi. Mistari yangu miwili inaniangalia. Jasho likaanza safari kisogoni, likateremka uti wa mgongo pole pole, likafika mkandani, likatuama. Chaki ikakatika. Nyuma yangu, kwa adabu zote: "Mwalimu, moja ni sawa na mbili?"

Si ningesema tu kwamba infiniti si namba ya kugawanyia! Gawanya 1 kwa 1,000, kwa 1,000,000, jibu linaisogelea sifuri. Limiti hiyo, nimeifundisha miaka. Lakini mdomo ukajiendea: "Si sifuri kabisa. Ni kitu kidogo kuliko namba zote."

"Na nusu yake je?"

Nikatoa zoezi la nyumbani, nikatoka. Nimefika stendi ndiyo naona nimeshika dasta.

Usiku nikasoma kuwa mwaka 1734 mwanafalsafa George Berkeley aliwabana wafuasi wa mwanahisabati Newton kwa vitu hivihivi vidogo kuliko namba zote, akaviita mizimu. Newton alikuwa na bahati, alishafariki.

Leo mchana kwa mama ntilie nimekula chapati moja. Kanidai hela ya mbili. Meza ya jirani vijana watatu wameinamia sahani, mabega yanacheza.