Dawa iko wapi ndani ya sufuria?

Bibi yangu alikuwa akichemsha mwarobaini mpaka maji yawe kama chai ya rangi, kisha anakushika kidevu: kunywa, homa haipendi uchungu. Tulikunywa. Tulipona, ila mpaka leo siwezi kuapa kama ni majani yale au mwili wenyewe ulishinda. Ndiyo maana nimechoshwa na mabishano ya mitandaoni, huku wanasema dawa za asili ni ushirikina, kule wanasema maabara ni njama za Wazungu. Wote wanagombea sufuria. Mimi nataka kujua kilichomo.

Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri, Mradi 523, kutafuta dawa ya malaria. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale vya tiba, wakafika kwenye mmea uitwao qinghao, aina ya artemisia. Dondoo zake, yaani kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea, zikawa kigeugeu: leo zinafanya kazi, kesho hazifanyi. Kilichomkwamua Tu ni maandishi ya Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4: loweka mmea kwenye maji, ukamue, unywe. Hakuna kuchemsha! Akahisi moto ndio mharibifu, akakamua kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo tu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea wote katika panya. Ndiyo artemisinini, iliyompa Nobel mwaka 2015.

Molekuli hii ina tabia ya kujificha. Haifyonzi vizuri mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo vipimo vingi vinavyotegemea mwanga huipita hivihivi. Mashine iitwayo spektrometa ya masi haihitaji mwanga, yenyewe inapima uzito wa molekuli. Dondoo hupitishwa kwanza kwenye mrija wa kromatografia unaotenganisha vilivyomo, kisha hurashwa kama ukungu wenye chaji ya umeme (ufundi uliompatia John Fenn sehemu ya Nobel ya Kemia ya 2002). Artemisinini ina uzito wa 282. Ikibeba protoni moja, chembe yenye chaji na uzito wa karibu 1, mashine inaandika 283. Halafu inaivunja vipande, na mpangilio wa vipande hivyo ndio alama yake ya kidole.

Kwa maoni yangu, faida kubwa ya mashine hii ni kukuokoa usipoteze miaka mitano ukifukuzia kitu ambacho wenzako walishakiandika. Chukua kemikali iitwayo berberini: ipo kwenye mimea chungu nzima yenye mizizi ya njano, na inaua bakteria kwenye sahani ya maabara. Bila spektrometa, kila mwanafunzi atakayekutana nayo atadhani amevumbua. Akiwa na mashine, anaona 336, analinganisha na maktaba huria za alama hizo mtandaoni, kama GNPS, anahamia mmea mwingine kabla ya chakula cha mchana.

Ila mashine nayo hudanganyika. Kwinini, ile ya magome ya mkwinini ambayo Bukavu wameitengeneza kwa miaka mingi, ina uzito wa 324. Kwinidini, inayotumika kurekebisha mapigo ya moyo, ni 324 vilevile. Atomi ni zilezile, zimekaa tofauti tu. Na hata ukijua jina la kitu, bado hujajua kama kinaua kimelea bila kumuumiza mgonjwa. Hapo lazima kurudi kwa vimelea, kwa panya, kisha kwa watu.

Linaloniudhi zaidi ni kipimo. Jani kavu la artemisia linaweza kuwa na artemisinini karibu na sifuri au zaidi ya asilimia 1, kutegemea mbegu, shamba na lilivyokaushwa. Sasa "kiganja kimoja cha majani" maana yake nini? Dozi pungufu humwachia kimelea nafasi ya kujifunza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono chai ya artemisia kwa malaria, watu wakapiga kelele; mimi naona walikuwa sahihi. Anayeuza dawa ya chupa stendi angepaswa kutuonyesha kilichomo kabla ya kutuonyesha ushuhuda.

Mti wa bibi bado upo nyuma ya nyumba kule Muheza. Mwezi ujao nakwenda. Nitachuma majani ya tawi moja, nusu niyachemshe kama yeye, nusu niyaloweke kama Ge Hong. Kuna rafiki yangu wa maabara ameniahidi nusu saa kwenye mashine yao, umeme usipokatika.