Nani aliwala chaza milioni moja?

Burnt, filamu ya John Wells ya mwaka 2015, ina watetezi wake hapa Mtwara, hasa vijana waliosomea mambo ya hoteli. Ukiwaambia imekuchosha, watakujibu kwamba hujui jiko kubwa linavyoendeshwa. Umezoea ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki, utamwelewaje mtu anayesaka nyota ya tatu ya Michelin, daraja la juu kabisa la mgahawa? (Ndiyo, wale wale wa matairi.) Waliochoshwa nayo, akina mama lishe wakiwemo, wakinyamaza huonekana wameishiwa hoja. Hawajaishiwa.

Vijana nao wana lao. Mshauri wa upishi alikuwa Marcus Wareing, mpishi wa London aliyepata nyota za Michelin naye, na inaonekana. Bradley Cooper na wenzake wanashika kisu kama watu wa kazi, na jiko linakwenda mbio kama jiko. Oda zikiwa zimerundikana hakuna wa kumbembeleza mtu. Hayo nayakubali.

Ila akina mama hawalalamikii makelele. Makelele wameyazoea, sokoni kila asubuhi yapo. Wanalosema ni kwamba chakula kinapikwa mno, walaji hawaonekani.

Tuanze na chaza. Adam Jones, mpishi anayeigizwa na Cooper, ndiye steringi, aliharibikiwa Paris kwa ulevi na dawa za kulevya, akajipa adhabu: kufungua chaza milioni moja huko New Orleans. Filamu inaanza akimfungua wa mwisho, anaandika namba kwenye daftari, anaondoka zake. Namba hiyo imenisumbua kuliko mapenzi yote yaliyomo. Akifungua 1,000 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ni siku 1,000, karibu miaka mitatu. Ukiwapanga 12 kwa sahani, unapata sahani zaidi ya 83,000. Huo ni umati wa walaji, na filamu haina habari nao. Chaza kwa Adam ni hesabu ya toba, basi.

Na huku kusini kazi ya namna hiyo haiitwi adhabu. Korosho ghafi kama 200 hufanya kilo moja, kwa hiyo milioni ni kama tani 5. Tuseme mwanamke anabangua kilo 20 kwa siku: atazimaliza kwa siku 250, vidole vimebabuliwa na mafuta ya maganda, na kila punje ikivunjika thamani imeshuka. Hatubii chochote, anatafuta unga wa watoto. Mtu huyo akiona miaka mitatu ya kazi ya mikono imerukwa ili tuwahi kwenye nyota, akipiga miayo tusimwite mshamba.

Halafu yuko yule samaki. Helene, anayeigizwa na Sienna Miller, amemharibu jikoni, na Adam anamlazimisha amwombe radhi samaki kwa kuwa amekufa bure. Watetezi wanaiita hiyo heshima kwa chakula. Heshima gani, ikiwa hakuna aliyemla? Mvuvi wa Msangamkuu angekuwa na maneno yake hapo.

Kwa filamu iliyojinadi kwa vichekesho na huzuni, kicheko ni haba. Michel wa Omar Sy, ambaye Adam aliwahi kumwachia panya mgahawani, analipiza kisasi kwa kumwaga pilipili kwenye chakula kinachodhaniwa ni cha wakaguzi wa Michelin, na hapo kweli mtu anashtuka na kucheka. Lakini sehemu inayoshinda zote ni keki ya siku ya kuzaliwa ya binti wa Helene. Mtoto anaonja, kisha anatoa hukumu yake bila woga mbele ya mtu ambaye jiko zima linamtetemekea. Mpishi, mlaji, meza moja. Ndicho walichokuwa wakikitafuta akina mama tangu mwanzo, na wamepewa dakika chache tu.

Mwishoni Adam anaketi kula na wapishi wake, jambo alilokuwa akilikwepa, na filamu inakatikia hapo. Wells angeianzia mezani, vichekesho vingejileta vyenyewe, maana wapishi wakishakaa kula ndipo wanaposemana, nani kazidisha chumvi, nani kamkimbia mteja, bosi naye akisikia.