Vuli ikiingia, hangaika na maji kabla ya baridi

Joto likianza kupungua tu, yaani vuli ya kuelekea majira ya baridi, siyo zile mvua za vuli, watu wa maua ya ndani wote tunaanza kuulizana habari za baridi: niingize vyungu lini, nifunike na nini, usiku ukishuka sana itakuwaje. Sikatai, ni maswali ya maana, ila mi naona tunaogopa kitu ambacho bado hakijafika na tunasahau kile tulichokishika mkononi, yaani maji. Mimea mingi inayokufa katikati ya majira ya baridi ilishaanza kufa huku mwanzoni mwa vuli, mizizi inaoza taratibu chini wakati juu majani bado yanang'aa, afu baridi inakuja kumalizia tu na lawama zote inabebeshwa yenyewe.

Ukifikiria sababu iko wazi kabisa. Kuanzia tarehe 22 au 23 Septemba, na kwa walio kusini mwa ikweta 20 au 21 Machi, usiku unaanza kuuzidi mchana, na jua nalo linapita chini chini halipigi tena kwa nguvu ile. Mwanga ukipungua mmea unajitengenezea chakula kidogo, na ukitengeneza kidogo unakunywa kidogo, kwa hiyo udongo uliokuwa unakauka ndani ya siku chache sasa unakaa na unyevu muda mrefu, lakini mkono bado una mazoea ya kiangazi, siku ya kumwagilia ikifika unamwaga tu bila hata kuangalia. Ratiba ya kumwagilia kwa msimu huu mi siiamini kabisa. Chukua kijiti chembamba cha mbao, kichomeke pembeni mwa chungu mpaka kiguse chini, kiache dakika 10 hivi kisha kivute taratibu. Kikitoka kimekoza rangi na chembe za udongo zimekigandia, hata kama juu pamekauka na kupasuka, jua chini bado kuna maji ya kutosha, weka kopo pembeni uendelee na shughuli zako. Kikitoka kikavu na kisafi ndo mwagilia, na ukimwagilia mwagilia kweli mpaka maji yatokee kwenye matundu ya chini, yatakayobaki kwenye kisahani uyamwage.

Na mbolea jamani ipumzike. Mmea ambao haukui hauna pa kuipeleka, chumvi zake zinabaki kwenye udongo zinaunguza ncha za mizizi. Vilevile huu siyo wakati wa kuhamishia mmea kwenye chungu kikubwa zaidi, maana udongo mwingi usio na mizizi ni maji mengi yasiyo na mnywaji, subiri mwanga urudi.

Sasa sakulenti, ile mimea ya majani manene yanayotunza maji. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa zaidi kwa sababu ushauri unaosambaa unazitia zote kapu moja, eti vuli ikianza zote zinalala. Si kweli! Echeveria, ambazo asili ya nyingi ni Meksiko, ni kweli zinapunguza mwendo, lakini aeoniamu za visiwa vya Kanari zinafanya kinyume, kiangazi zinajikunja na kudondosha majani ya chini halafu hewa ikianza kupoa zinafunguka na kukua upya, hizo ukizinyima maji sasa hivi unazionea. Litopsi, vile vinavyofanana na vijiwe, vingi vinatoa ua msimu huu huu, na ua likishanyauka maji yafungwe kipindi chote cha baridi, maana jozi mpya ya majani inakua katikati ikinywa maji ya ile jozi ya zamani, ukimwagilia ya zamani haikauki na mmea unavurugika. Kwa hiyo kabla hujafanya chochote ujue ulichonacho ni nini na kwao ni wapi.

Kitu kingine, echeveria yako ikianza kuwa nyekundu au ya pinki kwenye kingo usishtuke, ni jua la kutosha pamoja na usiku wa ubaridi, na mimi nadhani hakuna kipindi zinapendeza kama hiki. Cha kushtua ni jani la chini limekuwa laini, linapitisha mwanga kama limejaa maji ndani, ukiligusa linachomoka lenyewe. Hayo ni maji kuzidi. Jani la chini lililokauka na kujikunja kama karatasi ni uzee tu, litoe utupe. Sempavivamu ziache nje, hizo ni za milimani na barafu zinaijua, lakini echeveria na krasula majani yao yamejaa maji, maji yakiganda seli zinapasuka, na asubuhi unakuta uji.

Mimea yenye asili ya joto, monstera, pothosi, fikasi na wenzao, iingie ndani usiku unapokaribia nyuzi 12, isisubiri mpaka 5. Ila kabla haijavuka mlango igeuze jani kwa jani. Vidung'ata, wadudu wadogo, vinajificha pale kikonyo kinapokutana na shina, vinaonekana kama vipamba vyeupe, unavifuta na pamba yenye spiriti. Utitiri mwekundu ni mdogo mno, unautambua kwa vidoa vidogo vya njano juu ya jani na utando mwembamba kwa chini, na hewa kavu ya nyumba yenye hita inaupendeza sana, kwa hiyo ukiingia nao mmoja tu ndani ya muda mfupi umeenea dirisha zima. Mi nasema mmea uliotoka nje utengwe wiki mbili bila huruma. Fikasi ikidondosha majani baada ya kuhamishwa ni mwanga umebadilika, isogeze karibu na dirisha na usiibembeleze kwa maji. Saintpaulia yenyewe, ua la milima ya Usambara, usiimwagie maji baridi juu ya majani, inabaki na madoa, tumia maji ya uvuguvugu kwa chini.

Huko bustanini kazi ni fupi: mbegu za kosmosi na zinia zikikauka kabisa zikusanye kwenye bahasha ya karatasi, vipandikizi vya jeraniamu vikatwe sasa, na tulipi zipandwe kabla ardhi haijaganda kwa sababu zinahitaji wiki nyingi za baridi ndo zichanue.

Na mwenye kaktasi ya Krismasi aanze leo. Hiyo siyo ya jangwani, kwao ni misitu ya Brazili na inaota juu ya miti, na inachofuata kuchanua ni urefu wa usiku. Ipe giza kamili la masaa 13 hivi kila usiku kwa wiki kama 6 hadi 8, mahali pa ubaridi kidogo, chumba ambacho hakiwashwi taa jioni kinafaa sana. Vitumba vikishaonekana kwenye ncha, kiache chungu hapo hapo kilipo, mabadiliko ya ghafla yanavidondosha, na udongo usikauke kabisa wala usilowe chepechepe.