Pikipiki ndogo ya spoti: unalipia injini au plastiki?

Weka Yamaha R15 kando ya MT-15. Injini ni ile ile: silinda moja ya cc 155 inayopozwa kwa maji, vali nne, gia sita, na mfumo wa VVA unaobadili namna vali za kuingiza hewa zinavyofunguka mizunguko ikifika 7,400 kwa dakika. R15 imevalishwa kava la plastiki kuanzia taa ya mbele hadi chini ya injini, na usukani wake umeshushwa. MT-15 imeachwa wazi, usukani uko juu. Iliyovaa ndiyo kwa kawaida ghali zaidi. Suzuki wana jozi ya namna hiyo, GSX-R150 na GSX-S150, na Kawasaki wana Ninja 400 na Z400.

Kwa hiyo anayeuliza kama pikipiki ndogo ya spoti inastahili bei yake anauliza mambo mawili kwa pamoja: kama injini hiyo ina thamani kuliko cc 150 ya kawaida, na kama nyongeza ya kava na mkao ule ni ya haki.

Kwenye injini, wanaopinga hupiga hesabu ya cc: kwa nini nilipe zaidi kwa ukubwa ule ule? Hesabu hiyo haisemi mengi. Injini ya kawaida ya cc 150 inayopozwa kwa upepo hutoa nguvu farasi kama 12 hadi 14. R15 inatoa 18 na ushee, GSX-R150 inatoa kama 19. Nguvu hiyo ya ziada haiji bure. Pistoni ya Suzuki ina kipenyo cha milimita 62 na mwendo wa milimita 48.8 tu, ili injini iweze kuzunguka haraka bila kujiumiza, kisha kuna kemshafti mbili (vyuma vinavyofungua vali), rejeta na pampu ya maji. Vitu hivyo vina gharama kiwandani, na mnunuzi hajadanganywa.

Tatizo ni mahali nguvu hiyo ilipo. Farasi 18 wa R15 wanapatikana kwenye mizunguko 10,000. Kwenye mizunguko 5,000, ambako watu wengi huishi siku nzima kati ya taa moja ya barabarani na nyingine, unapata takriban nusu yao. Wengine umewalipia na wako zizini. Mtu ambaye safari zake zote ni za foleni atakuwa na pikipiki inayokwenda sawa na ya jirani aliyelipa kidogo, huku viganja vikiuma kwa sababu uzito wa kifua umeegemea usukani. Na abiria wa nyuma? Kile kijisiti kilichoinuliwa hakikuwekwa kwa ajili ya raha yake.

Upande wa pili una hoja ambayo huwa haipewi uzito wake. Spoti ya cc 600 ina farasi zaidi ya 100, na gia yake ya kwanza peke yake inaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Kwenye barabara ya umma huwezi kuimaliza hata gia ya pili bila kuvunja sheria. Ndogo unaiminya mpaka mwisho, unabadili gia, unaiminya tena, na bado uko ndani ya akili timamu. GSX-R150 ina kilo 131 tu, hivyo kwenye kona inakusamehe makosa ambayo kubwa ingekutupa nayo. Wanaoziita za watoto wakumbuke kwamba mwaka 2018 Ana Carrasco wa Hispania alitwaa ubingwa wa dunia wa Supersport 300, daraja la pikipiki ndogo, akiwa na Ninja 400, akawa mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa mbio za lami za pikipiki za mtu mmoja, zisizo na kigari cha pembeni, akishindana na wanaume.

Kava nalo lina kazi kuliko watu wanavyodhani. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inayohitajika kuupasua upepo huongezeka karibu mara nane. Mwenye farasi 100 hatajali sana, ila mwenye 18 anamhisi kila mmoja. Ukilala juu ya tangi nyuma ya kioo kile, pikipiki inapata mwendo ambao ndugu yake aliye wazi anautafuta kwa shida. Chini ya kilomita 60 kwa saa, faida hiyo karibu haipo.

Hasara yake utaijua siku stendi itakapozama kwenye udongo laini. Pikipiki iliyo wazi ikilala, mara nyingi unapoteza mkono wa klachi na indiketa. Yenye kava inapoteza hivyo, kisha saitimira iliyofungwa kwenye kava inavuta plastiki na kuipasua kuanzia tundu la skrubu, na vile vishikizo vidogo vya ndani vinakatika. Kava haliuzwi kipande: unanunua upande mzima, na stika zake. Fundi naye, kabla hajagusa rejeta, ana skrubu kadhaa za kufungua, na muda huo unaulipia.

Kuna wanaosema bora mtumba wa cc 600 kwa pesa hiyo hiyo. Siwaungi mkono. Vali 16 ambazo fundi lazima azipime na kuzirekebisha, tairi pana la nyuma linaloisha mapema na historia usiyoijua vitakula chenji yote. Na kuna walio upande wa pili kabisa, wanaotaka Kawasaki ZX-25R, cc 250 yenye silinda nne iliyotoka mwaka 2020 na inayozunguka hadi karibu mizunguko 17,000. Hiyo hakuna hesabu itakayoitetea. Wanalipia sauti, na nikiisikia siwacheki.

Kwangu, injini inalipa kwa yeyote mwenye barabara ya kuinyoosha. Kava linalipa kwa anayesafiri peke yake, mara kwa mara, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Wengine wote wachukue ndugu yake aliye wazi, na tofauti ya bei iende kwenye helmeti, glavu na jaketi nzuri. Ambaye bado anaitamani yenye kava aulize dukani kitu kimoja kabla ya kulipa: upande mmoja wa kava unauzwaje, na huchukua wiki ngapi kufika.