Fulana ya Dola 4 Kati ya New Delhi na Washington

Chukua fulana moja ya pamba iliyoshonwa Tiruppur, mji wa viwanda vya nguo katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Tuseme bei yake bandarini ni dola 4. Ushuru wa kawaida wa Marekani kwa fulana ya aina hiyo ni asilimia 16.5. Tarehe 27 Agosti 2025 nyongeza ambayo Marekani iliziwekea bidhaa za India juu ya ushuru huo ilifika asilimia 50, jumla ikawa 66.5, yaani dola 2.66 kwa kila fulana. Nguo ile ile ikitoka Vietnam au Bangladesh, nchi zilizokuwa zimepangiwa nyongeza ya asilimia 20, ilitozwa dola 1.46. Tofauti ni dola 1.20 kwa kitu cha dola 4. Pengo hilo halizibwi kwa kununua uzi wa bei nafuu wala kwa kuwakesheza mafundi.

Anayelipa forodhani ni mwagizaji wa Marekani, si kiwanda cha Tiruppur. Lakini mwagizaji ana machaguo matatu tu: apandishe bei dukani, ale hasara, au ampigie simu mshonaji na kumwambia punguza bei la sivyo oda inayofuata inakwenda Dhaka. Mara nyingi huanza na hilo la tatu. Hata muda wa nafuu uliotolewa ulikuwa mfupi: mzigo uliopakiwa melini kabla ya 27 Agosti ulisamehewa nyongeza ya mwisho iwapo tu ungepita forodha ya Marekani kabla ya 17 Septemba. Hizo ni wiki tatu. Meli inayotoka Mumbai na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa kuikwepa Bahari ya Shamu huhitaji zaidi ya hapo kufika New York, kwa hiyo aliyepakia siku za mwisho hakuokoa kitu.

Wachambuzi wengi huizungumzia asilimia 50 kama adhabu moja. Zilikuwa mbili, na hoja zake hazilingani uzito. Asilimia 25 za kwanza, za tarehe 7 Agosti, zilihusu biashara. Asilimia 25 za pili, za tarehe 27, zilihusu India kununua mafuta ya Urusi.

Kwenye biashara, Marekani ina la kusema. Mwaka 2023 wastani wa ushuru wa India kwa bidhaa za nje ulikuwa takriban asilimia 17, wa Marekani kabla ya vurugu hizi ulikuwa kama 3.3. Kwenye mazao ya kilimo India ilikaribia asilimia 39. Wiski ya bourbon ya Marekani ilikuwa ikitozwa asilimia 150 hadi Februari 2025, ikashushwa kuwa 100, na hilo likahesabiwa kuwa ukarimu. Mahindi na soya zilizobadilishwa vinasaba haziruhusiwi kuingia kama chakula. Maziwa ya nje hutakiwa cheti kwamba ng'ombe hakulishwa chakula chenye mabaki ya wanyama, sharti ambalo ufugaji mkubwa wa Marekani haulitimizi kirahisi. Mwaka 2024 India iliiuzia Marekani bidhaa nyingi kuliko ilizonunua kwake, kwa tofauti ya zaidi ya dola bilioni 45.

Ukuta huo mkulima wa Tanzania anaujua bila kusomewa takwimu. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje, baada ya mavuno yake kuwa mazuri. Huku kwetu zao lile lililimwa kwa kutegemea soko hilo hilo moja, na bei ikaporomoka mara moja. Kwa hiyo New Delhi inapolalamika kwamba kubadilishiwa kanuni ghafla si uungwana, wapo watakaoguna.

Hata hivyo, sababu za India si visingizio. Shamba la wastani kule ni kama hekta 1.1, la Marekani linazidi hekta 180. Karibu nusu ya wafanyakazi wa India wanategemea kilimo. Mwaka 2020 serikali ya Waziri Mkuu Narendra Modi ilipitisha sheria tatu za kulegeza soko la mazao, wakulima wakapiga kambi kwenye mipaka ya Delhi kwa takriban mwaka mzima, na Novemba 2021 Modi mwenyewe akatangaza kuzifuta. Mwanasiasa aliyepita hapo hatii saini mkataba unaoleta maziwa ya unga ya bei chee. Wajumbe wa Marekani wanaoweka maziwa na mahindi juu ya orodha yao wanaomba kitu ambacho demokrasia ya upande wa pili haiwezi kukitoa na kubaki madarakani.

Kinachowezekana kinajulikana, maana kimeshafanyika. Juni 2019 Marekani iliiondoa India kwenye mpango wa unafuu wa ushuru kwa nchi zinazoendelea, na India, iliyokuwa bado na kinyongo cha ushuru wa chuma ambao Marekani iliuweka 2018, ikalipiza kwa bidhaa 28, zikiwemo lozi, tufaha na kokwa za jozi. Wakulima wa lozi wa California walitikisika kwa sababu India ni mnunuzi wao mkubwa. Mwaka 2023 pande mbili zikafunga mashauri sita katika Shirika la Biashara Duniani, na ushuru wa kulipiza kwenye mazao hayo ukaondolewa. Kazi ilikwenda zao kwa zao, bila kelele.

Tukija kwenye mafuta, mizani inahama. Kabla ya Februari 2022 Urusi iliipatia India chini ya asilimia 2 ya mafuta ghafi. Baadaye ikawa zaidi ya theluthi. Hoja ya Washington ni kwamba kila pipa linalipia vita vya Ukraine, na kwamba sehemu ya mafuta hayo husafishwa katika mitambo ya India kama ya Jamnagar na kuuzwa nje kwa faida. Ni kweli. Lakini ukomo wa dola 60 kwa pipa, uliowekwa na G7, kundi la nchi tajiri, Desemba 2022, ulibuniwa makusudi ili mafuta ya Urusi yaendelee kufika sokoni kwa bei ya chini. India ilipita kwenye mlango ulioachwa wazi. China, iliyonunua mengi zaidi, haikuwekewa adhabu ya namna hiyo, na Ulaya ilikuwa bado inanunua gesi ya Urusi. Kumchapa mteja wa pili na kumwacha wa kwanza ni vigumu kukutetea kama msimamo wa kimaadili.

India nayo ina deni ambalo Wamarekani hawajalisahau. Rais George W. Bush wa Marekani na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Manmohan Singh, walitangaza makubaliano ya nyuklia Julai 2005. Washington ikabadilisha sheria yake na kuzishawishi nchi zinazouza teknolojia ya nyuklia ziipe India msamaha wa kuuziwa teknolojia hiyo Septemba 2008, ingawa ilikuwa imelipua mabomu ya majaribio 1974 na 1998. Marekani ilitarajia kuuza vinu vya nyuklia. Mwaka 2010 bunge la India likapitisha sheria iliyoruhusu mwendeshaji wa kinu kumdai muuzaji wa mitambo ajali ikitokea. Kampuni za Marekani zikasita, na miaka 15 baadaye hakukuwa na kinu chao kipya hata kimoja kilichojengwa. Kwa Mmarekani huo ni utovu wa shukrani. Kwa Mhindi ni mji wa Bhopal: gesi iliyovuja Desemba 1984 kwenye kiwanda cha Union Carbide, kampuni ya Kimarekani, ikaua maelfu, na fidia iliyotoka ikaonekana ndogo mno. Bunge lolote lenye kumbukumbu hiyo lingeandika kifungu kile kile.

Kinachoshangaza ni jinsi upande wa ulinzi ulivyoendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tarehe 31 Oktoba 2025, huku nyongeza ya asilimia 50 ikitozwa, mawaziri wa ulinzi wa nchi hizo walitia saini Kuala Lumpur mpango wa ushirikiano wa miaka 10. Hofu waliyo nayo juu ya China inawaunganisha majenerali kuliko pamba inavyowaunganisha wafanyabiashara.

Orodha ya bidhaa zilizosamehewa nyongeza hiyo nayo inasema mengi. Dawa hazikuguswa, kwa kuwa hospitali za Marekani hazina pa kuzipata kwa bei ile. Simu janja pia: iPhone iliyounganishwa Sriperumbudur ilipita forodha bila nyongeza. Sriperumbudur ipo Tamil Nadu, jimbo lile lile la Tiruppur.