Namba ya Siri ya Saksafoni

Saksafoni ya alto ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Itie kwenye kasha lake gumu na inakuwa mzigo wa kilo tano, wenye sura ya sanduku la mtu aliyekosana na shemeji na sasa anahamia kwa shangazi. Hakuna abiria wa Nairobi anayemtilia shaka mtu aliyebeba sanduku la aina hiyo, na ndivyo yangu ilivyoondoka.

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 2011. Nilikuwa natoka Umoja kwenda kupiga harusini. Makanga aliniambia mzigo uende buti, nami nikakubali, jambo ambalo mpiga saksafoni hapaswi kulikubali hata akipewa kiti cha mbele bure. Mtu alishuka Muthurwa, akafungua buti, akachukua kasha kwa utulivu wa mwenye mali. Tulipofika mwisho wa safari, Ambassadeur, mimi nilikuta gunia la sukuma wiki. Harusini nilipewa kayamba.

Jioni nilikwenda kituo cha polisi. Afande wa zamu aliniuliza, "Ina namba?" Nikajibu haraka sana, kwa fahari. Namba nilikuwa nimeisoma kila siku kwa miaka minne, imechongwa mgongoni, chini ya ndoana ya kidole gumba: YAS-23. Akaiandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, nami nikapewa kikaratasi cha namba ya ripoti, ambacho nilikitia pochini nyuma ya kitambulisho. Kilikaa humo miaka kumi na miwili. Pochi zilibadilika mara tatu, kikaratasi hakikubadilika.

Miaka ya mwanzo nilitafuta. Gikomba, Kirinyaga Road, na wale wanaonunua vyuma Kariobangi. Hofu yangu kubwa ilikuwa huko kwenye vyuma, kwa sababu saksafoni karibu yote ni shaba, na mwenye mizani haulizi kama shaba hiyo iliwahi kupiga rumba. Kwa muda mrefu kila nilipofungua bomba la maji la shaba nilisikiliza kidogo. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, kwa ajili ya nyaya na nguzo za umeme, mimi peke yangu mtaani kwetu nilishangilia kwa ajili ya saksafoni.

Katikati ya kungoja, mwaka 2013, nilinunua saksafoni ya bei ya chini iliyokuja na mdomo wa plastiki, yaani kile kipande cha kupulizia. Sauti yake ilikuwa ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Ndipo Kirinyaga Road, kwa mchuuzi aliyetandaza kabureta na plagi juu ya gunia, nikaona kitu cheusi kimeandikwa S80 C*. Mchuuzi aliniambia ni sehemu ya pampu. Mimi nilijua ni mdomo wa alto wa Selmer, wa mpira mgumu, eboniti. Ukitaka kuwa na uhakika, usugue kwa kidole gumba hadi upate joto kisha unuse: eboniti hunuka kiberiti, plastiki hainuki kitu. (Usiuoshe kwa maji moto kamwe. Hugeuka rangi ya kijani kibichi na kiberiti hicho utakionja kwenye kila noti.) Nililipa shilingi 1,500, nikaenda zangu nikimcheka yule mchuuzi asiyejua anachouza. Hilo tuliweke kando kwanza.

Mwaka 2023 nikaona tangazo kwenye simu. Saksafoni ya alto, Yamaha, shilingi 65,000, muuzaji yuko Donholm. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Mgongoni, chini ya ndoana: YAS-23.

Sikulala. Nilipanga kama mtu anayejua kazi yake. Nilichukua tochi ndogo, kwa kuwa ukiishusha ndani ya mwili wa saksafoni gizani, mwanga unaochungulia pembeni mwa pedi (kifuniko laini cha tundu) iliyofungwa hukuonyesha pumzi inavujia wapi. Nilichukua karatasi ya sigara: unaiweka chini ya pedi, unaifunga kwa mguso mwepesi, unaivuta; ikikataa kidogo, pedi inaziba, ikiteleza, haizibi. Nilichukua mdomo wangu na ridi mbili, vile vipande vya mwanzi vinavyofungwa kwenye mdomo na kutetemeka, maana chombo cha mtu hakipimwi kwa mdomo wake. Noti ikikwama hutajua ni chombo au ni mdomo. Tena nilimchukua binamu yangu, ambaye ni bawabu, ana koti zito na redio ya mkononi isiyo na betri. Nilimkataza asijiite polisi, kwa sababu hilo ni kosa. Akae kimya tu na akunje uso.

Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu wa kwaya. Alitukaribisha chai.

Sasa, kumtambua saksafoni wako baada ya miaka kumi na miwili ni kazi, kwa kuwa vingi vinavyoonekana hubadilishwa. Pedi, zaidi ya ishirini, ni sufu iliyovikwa ngozi. Hukauka, hupasuka, na fundi huzipachika mpya kwa lakiri iliyoyeyushwa. Kizibo cha shingoni hudumu miaka michache. Rangi ya dhahabu huliwa na jasho la viganja. Kwa hiyo nilikwenda na alama ambazo niliamini hazifutiki.

Ya kwanza, bonyeo kwenye kiwiko cha chini. Lilikuwepo.

Ya pili ilikuwa siri yangu. Springi ya kitufe cha noti ya G-sharp ilinivunjikia mwaka 2010 nikaibadilisha kwa sindano ya kushonea. Unaikata tundu, unaipasha moto hadi iwe ya buluu, maana ikibaki ngumu kama ilivyotoka dukani itakatika siku ya pili, unaiponda kidogo mwishoni kwa nyundo, kisha unaikaza kwenye kiguzo chake kwa koleo. G-sharp ndiyo inayosumbua kuliko zote: ukibonyeza kitufe chake huiinui pedi, unaiachilia tu, na springi dhaifu ndiyo inayoibeba. Pedi ikinata kwa mate yenye sukari ya soda, haiinuki ng'o. Nilimulika tochi. Pale palikuwa na sindano.

Ya tatu, namba. Niliigeuza saksafoni mgongo, nikasoma, nikapiga kelele, "Namba ni ile ile!"

Binamu alisimama akaziba mlango. Mwalimu aliweka kikombe chini bila kumwaga chai, akasema, "Basi twende kituoni, kijana. Gari ninalo." Alituendesha yeye mwenyewe. Njiani alisimama akatia mafuta. Kwa mshukiwa, alikuwa mtulivu mno, nami nikahesabu utulivu huo kuwa ushahidi wa nne.

Kituoni tulimkuta sajenti mmoja mwenye mvi. Nilimpa kikaratasi cha OB, nikamweleza bonyeo, sindano na namba, nikatulia kama wakili aliyemaliza hoja zake. Sajenti aliichukua saksafoni kwa namna iliyonitia wasiwasi: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, kidole gumba ndani ya ndoana moja kwa moja bila kutafuta. Alikuwa amepiga kwenye bendi ya polisi kabla ya kuhamishiwa kazi za kawaida.

"Bonyeo hili," akasema, "liko kwenye kila saksafoni ya Nairobi. Hapo ndipo pa chini kabisa, ndipo panapogonga ngazi ya matatu. Sindano hata zetu zilikuwa nazo. Unadhani springi tungezitoa wapi?" Akaigeuza. "Na namba yako ni ipi?"

"YAS-23."

Alininyamazia kitambo.

"Kijana, hilo ni jina la modeli. YAS ni Yamaha alto. Ni sawa na mtu aibiwe gari, aje hapa, nimuulize namba, aniambie: Probox."

Askari wawili waliokuwa wakiandika waliacha kuandika. Kutoka seli mtu akacheka, na huyo alikuwa na shida zake mwenyewe.

Sajenti alinionyesha kwa ncha ya kalamu: hapo hapo, karibu na jina la modeli, palikuwa na tarakimu sita. Hiyo ndiyo siriali, kila chombo na yake. Mwizi akiikwangua, rangi hukwanguka nayo na kubaki doa linaloonekana. Hapa hapakuwa na doa. "Ya kwako ni ngapi?"

Ya kwangu ilikuwa kwenye risiti, nyumbani, ndani ya faili ya hati za shamba. Nikampigia mke wangu. Mtandao ulikuwa wa kukatikakatika. Nilimwambia, "Niko polisi, haraka, nisomee namba ya siriali," na mtandao ukakatika kwenye "siri".

Ujumbe ukaingia: namba nne za M-Pesa yangu, na maneno, "Wape tu. Usibishane nao. Uko wapi?"

Nilipojaribu kumpigia tena, laini yangu ilikuwa imefungwa. Baadaye nilijua alichofanya: alinitumia namba ya siri ili wezi wasinidhuru, kisha akakimbia kwa jirani kuomba simu, akapigia kampuni ili laini ifungwe wasipate kitu. Mpango mzuri. Laiti kungekuwa na wezi.

Sajenti akampigia kwa simu yake. "Mama, mimi ni sajenti wa polisi, niko na mumeo."

"Hata wale wa shemeji yangu walisema hivyo hivyo," akakata.

Alipopigiwa mara ya pili alisema amekwisha kuwaita wazee wa mtaa. Mwishowe mwalimu aliomba simu. Akasema kwa sauti ya mtu aliyezika na kuozesha wengi, "Bwana asifiwe, mama." Upande wa pili kukawa kimya, kisha, "Asifiwe sana." Ndani ya dakika tatu risiti ilikuwa mkononi mwake.

Alisoma tarakimu moja moja, sajenti akifuatisha kwa kidole juu ya shaba. Ya kwanza ikalingana. Ya pili ikalingana. Moyo wangu ulianza kupiga benga. Ya tatu mke wangu akasema tisa. Kwenye shaba palikuwa na nne. Zilizofuata hazikuwa hata majirani.

Niliomba radhi. Niliomba kwa Kiswahili cha kanisani, kile chenye "nimekukosea mbele za Mungu na mbele yako". Mwalimu akasema hapana neno, yeye mwenyewe aliwahi kuibiwa vitu vya kwaya, anajua uchungu wake. Ili kupoza mambo, sajenti akamwomba apige wimbo mmoja kabla hatujatawanyika. Mwalimu akashika saksafoni, akakumbuka kwamba mdomo wake ameuacha Donholm, akaniuliza kama ninao. Ninao! Nikautoa mfukoni kwa furaha ya mtu aliyepata nafasi ya kutenda wema.

Akaufunga kibano na ridi. Kisha akaufungua. Akaugeuza, akachungulia lile tundu la nyuma linalovaa shingo. "Niazime tochi," akasema. Ndiyo, tochi yangu.

"Mdomo huu umeutoa wapi?"

Nikasema Kirinyaga Road. Nikasema kati ya kabureta. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyojisikia nikizama. Yeye akasema mwaka 2012 waliibiwa kabati zima la kwaya, na ndani yake mlikuwa na mdomo wake.

Sajenti alivuta kitabu, akafungua ukurasa mpya, akalamba kidole. Jina langu liliandikwa, safari hii upande mwingine wa ripoti. Alinikumbusha kwa upole kwamba kupokea mali ya wizi kuko kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, na kwamba ukomo wake ni miaka kumi na minne. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Ina namba?"

"C nyota," akasema mwalimu bila kusita.

Sajenti akaweka kalamu chini. "Mwalimu, hata wewe? Hiyo ni saizi ya mwanya wa ncha. Milimita moja nukta saba. Wako wengi kama Probox."

Mwalimu hakubabaika. "Basi andika alama. Ndani ya tundu, upande wa chini, kuna msalaba. Niliuchonga kwa msumari wa inchi mbili."

Tochi ikamulikwa. Tukainama vichwa vinne. Msalaba ulikuwepo, mdogo, umepinda kidogo kushoto. Hata mimi nilikuwa nimeuona. Kwa miaka kumi nilidhani ni ufa, na mara moja nilifikiria kuujaza gundi.

"Risiti ya mchuuzi unayo?" sajenti akaniuliza. Nilimwangalia tu.

Mwalimu hakutaka kesi. Alitaka mdomo wake na shilingi 800 za mafuta. Laini yangu ilikuwa bado imefungwa, kwa hiyo binamu, aliyekuja kukunja uso bure, ndiye aliyelipa, akaukunja kwa dhati kwa mara ya kwanza siku hiyo. Sajenti akakata mstari chini ya ripoti, akaandika kwamba wahusika wamepatana.

Mwalimu aliufunga mdomo wake, akapiga ubeti mmoja hapo kaunterini. Ilikuwa sauti nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuitoa mimi kwenye mdomo ule kwa miaka kumi. Seli zikaitikia kwa makofi.

Alipokuwa akifunga kasha nilimuuliza, kwa sauti ya chini, kama saksafoni bado inauzwa.

"Inauzwa, kijana," akasema. "Ila sasa ni elfu sabini. Ina mdomo."