Nanotiba inakwama kati ya panya na mgonjwa

Nanotiba ni tiba inayobeba dawa ndani ya chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Doxil, dawa ya saratani inayobeba doksorubisini ndani ya vifuko vya mafuta vya takriban nanomita 80 hadi 100, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Tangu hapo maabara zimetengeneza chembe za kila namna, lakini zilizofika kwenye dripu ya mgonjwa ni chache. Wakosoaji wanasema ahadi zimezidi matunda.

Hoja yao ni nzito. Mwaka 2016 timu ya Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto ilipitia tafiti za wanyama za miaka kumi, ikakuta kuwa kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya dozi inayofika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu, kwenye seli ambazo kazi yake ni kusafisha damu. Tena panya anapotosha: uvimbe aliopandikizwa hukua haraka na mishipa yake huvuja, hivyo chembe hupenya kirahisi. Uvimbe wa binadamu hukua polepole, na uvujaji wake hutofautiana mgonjwa kwa mgonjwa.

Hata hivyo, siichukulii asilimia hiyo kuwa hukumu. Dawa ya kawaida nayo husambaa mwili mzima. Mgonjwa anachotaka kujua ni amesaidika kiasi gani na ameumia kiasi gani. Doxil huupunguzia moyo madhara ya doksorubisini. Lakini kwa kuwa vifuko vyake hudumu siku kadhaa kwenye damu, dawa huishia pia kwenye ngozi: viganja na nyayo huwa vyekundu, huuma, hubambuka. Faida na adha zinatoka kwenye sifa ile ile.

Kinachonitia hofu zaidi ni kinga ya mwili. Chembe ikiingia kwenye damu, protini huivaa papo hapo, na mwili unaweza kuishambulia ndani ya dakika za kwanza, hata kwa mtu asiyewahi kuipata. Ndiyo maana dripu ya Doxil huanza kwa kasi ya miligramu 1 kwa dakika. Feraheme, chembe za chuma za kutibu upungufu wa damu, iliidhinishwa 2009 ikidungwa haraka. Mwaka 2015, baada ya vifo vilivyotokana na mzio, ilipewa onyo kali kabisa, na sasa hutolewa kwa dripu ya dakika 15 au zaidi.

Watetezi nao wana ushahidi: Onpattro, dawa ya RNA ndani ya chembe za mafuta iliyoidhinishwa mwaka 2018, kisha chanjo za mRNA za UVIKO-19, zilizotengenezwa kwa mabilioni ya dozi. Ni kweli, ila tazama chembe hizo zinakwenda wapi. Onpattro hufanya kazi kwenye ini, ambako zingeelekea vyovyote vile. Chanjo hudungwa msulini. Kuzipeleka kwingine bado ni kazi ngumu.

Kiwandani nako kuna mitego. Kutengeneza chembe za aina hii, lipidi, yaani mafuta, zilizoyeyushwa kwenye ethanoli hukutanishwa na RNA kwenye maji yenye asidi. Zikichanganyika taratibu, chembe hunenepa. Kipimo cha ukubwa wa chembe kinachotumia mwanga kinaweza kuficha hali halisi, maana chembe yenye kipenyo maradufu hutawanya mwanga mara 64 hivi, na mabonge machache hufunika maelfu ya chembe ndogo. Mabonge hayohayo huziba kichujio cha mikromita 0.22 cha kuondolea bakteria.

Kwa hiyo ningependa mpangilio ubadilike. Kabla ya kukimbilia uvimbe wa panya, chembe mpya ijaribiwe kwenye damu ya binadamu kadhaa, itengenezwe mara tatu kwa ujazo mkubwa, na ilinganishwe na dawa ileile isiyo na chembe. Kipimo cha endotoksini, yaani sumu ya bakteria, kisiaminiwe kivyake, kwani chembe zenyewe huweza kukivuruga: ongeza kwenye sampuli kiasi cha endotoksini unachokijua, kisha pima tena. Kiasi ulichoongeza kikisomeka chini ya nusu yake, au zaidi ya maradufu, jibu la kwanza halifai.